Sauti Yako Bado Inaomba Chai

Kaka yangu Faraji,

Salamu za makaburini nilikupa wiki iliyopita kule Mtawanya, nikiwa nimesimama mbali. Hizi ni za nyumbani.

Tangu tukuzike, hakuna mtu aliyeomba chai hapa Rahaleo kama wewe. Asubuhi uliomba. Kabla ya adhuhuri uliomba. Alasiri Mama yuko uani anachambua mchele, sauti yako inatoka chumbani, ya upole, ya mtu aliyelelewa: "Nataka chai." Mama anaweka ungo chini, anafuta mikono kwenye kanga, anakwenda kuchochea jiko. Mara ya kwanza kukusikia, nilikuwa ndiyo kwanza nimehamia hapa kutoka Masasi, arobaini yako imepita juzijuzi, nimebeba ndoo ya maji mkononi. Niliiachia palepale mlangoni. Nililia, kisha nikacheka, kisha nikakutukana. Kwa tusi lile unisamehe, ila ulilistahili.

Wewe unajua sauti hiyo inatoka wapi, lakini barua hii nataka na watu wengine waisome, kwa hiyo nivumilie nikieleza. Baba alipopigwa kiharusi aliondokewa na mkono wa kulia, mguu wa kulia na ulimi. Baba yetu huyu huyu, ambaye akianza habari za mikorosho yake hamalizi mpaka ubwabwa upoe, akabaki na "aa" moja tu. "Aa" ya njaa, "aa" ya maumivu, "aa" ya kutaka kugeuzwa kitandani, zote sawa. Tulikuwa tunabahatisha. Tukikosea anafumba macho, na machozi yanatoka pembeni.

Ndipo ukaja na kile kishikwambi chenye ufa, ulichopewa na Murtaza, yule wa dukani uliyekuwa ukimtengenezea kompyuta. Ukakaa nacho siku kadhaa, ukatengeneza programu yenye vitufe vya picha. Baba akigusa picha ya bilauri, kinasema, "Nataka maji." Akigusa kitanda, "Nataka kulala." Mwanzoni ulitumia sauti ya mashine, ikawa inazungumza Kiswahili kama mtalii anayeulizia bei ya kinyago. Mama alikataa katakata. Alisema mume wake hawezi kuongea vile ndani ya nyumba yake. Ukasema basi nitaongea mimi, maana hata kwenye simu watu walikuwa wakikuchanganya na Baba.

Nilikuwa likizo wiki hiyo, nakumbuka. Ulijifunika blanketi ili makelele ya bodaboda yasiingie, jasho linakutiririka, na mimi kazi yangu ilikuwa kumfukuza jogoo wa jirani. Sikumfukuza vizuri. Ulipofika kwenye "Hapana," akawika katikati ya neno. Nikakwambia urudie. Ukasema, "Acha. Baba akikataa jambo, hata jogoo amuunge mkono." Mpaka leo kitufe cha "Hapana" kina jogoo. Maneno mengine tuliyorekodi siku ile nilishayasahau, mpaka siku niliyokuja kuyasikia tena.

Ulinifundisha pia jinsi unavyoitunza ile programu, kwa sababu nilikuwa nakuuliza maswali bila haya. Nilikuambia pale steshenari Masasi nikiharibu faili limeharibika, basi. Ukacheka. Ukaniambia chukulia ghala la korosho. Msimbo wote, yaani maandishi yanayoiendesha programu, unakaa ghalani. Kila inapofika hatua ambayo kitu kinafanya kazi vizuri, unafunga gunia na kulitundikia lebo. Halafu unaendelea na kazi, unabomoa, unajenga, unaharibu utakavyo. Gunia lile liko palepale, na siku yoyote ukilitaka unalitaja kwa lebo yake, kompyuta inakurudishia programu kama ilivyokuwa siku uliyolifunga.

Wenzako huandika namba kwenye lebo. Wewe uliandika mambo ya nyumbani. Ya kwanza uliiita "nne", kwa sababu vitufe vilikuwa vinne. Ikafuata "ming'oko", wiki ambayo Mama alichemsha ile mizizi ya porini mpaka tukachoka. Nilikuambia hizo si lebo za mtu msomi. Ukajibu, "Namba nitazisahau. Hizi sitazisahau."

Na ulikuwa na sheria moja ambayo nikiivunja ulikuwa unanikata jicho. Mimi niliona aibu kwamba kitufe cha choo kiko katikati kabisa ya ukurasa, nikasema wageni watasemaje, hebu kisogezwe chini. Ukautoa mkono wangu. "Wageni wana midomo yao, huu ni wa Baba," ukasema. "Baba ana mtoto wa jicho, picha hazioni vizuri. Anakumbuka mahali. Kitufe ukishakiweka, hakihamishwi." Nikanuna. Lakini nilishika.

Kisha ukasema unakwenda Dar kucheki tumbo. "Nitarudi kabla korosho hazijaanza kudondoka," ulimwambia Baba, ukambusu mkono, ukaondoka na kibegi kidogo. Ulirudi kwenye sanduku.

Hili la kumficha Baba lilikuwa la Mjomba, na sisi wote tulilikubali. Alisema, "Mzee asiambiwe. Presha ikimpanda tutazika wawili." Msiba ukawekwa kwake Mtawanya, nawe ukazikwa huko huko. Baba alibaki hapa na jirani, akaambiwa tumekwenda harusini. Nilipita hapa jioni ile kabla ya kurejea Masasi, macho yamevimba, nikamwambia ni vumbi. Baada ya hapo kila mgeni akija kumjulia hali, Mama anamuwahi mlangoni na kumkazia macho, mgeni anaimeza pole yake, anakaa kitandani kwa Baba na kuzungumza habari za mvua. Baba akitutazama tunasema Faraji bado yuko Dar, anaendelea vizuri. Sijawahi kuona uongo unaochosha kama ule. Unaamka nao, unapika nao, unalala nao.

Na wewe kutwa unaomba chai.

Tatizo, Kaka, ni kwamba chai yenyewe Baba alikuwa hainywi. Anaomba, inakuja, tunamwekea mdomoni, anageuza uso. Tunaitoa. Dakika si nyingi, "Nataka chai." Tulijaribu ya maziwa, ya rangi, ya tangawizi, isiyo na sukari. Mama alisema labda amechoka na kikombe cha bati, akatoa vile vikombe vyake vya maua ambavyo hata mimi sijawahi kunywea. Baba akakipiga kimoja kwa mkono wa kushoto, kikavunjika ukutani, na chai ikamuunguza Mama kifundoni. Mama aliokota vipande, akaenda kukaa jikoni peke yake.

Mjomba alipoliona lile jeraha akasema basi sasa. "Hilo dude limemchanganya mzee. Hajui tena anachokigusa. Akili imekwisha ondoka, msimtese. Ijumaa nitakuja kulichukua." Hakusema kwa ubaya. Kikiondoka kile kishikwambi, Baba anarudi kwenye "aa" yake mpaka kufa. Na wewe, kusema ukweli, ungekuwa umekufa mara ya pili, maana sauti yako haikuwa mahali pengine popote. Simu yako iliibiwa kule hospitali. Hata ujumbe wa sauti mmoja sina.

Nikasema kabla ya Ijumaa nitatafuta kosa. Niliamini ni programu iliyoharibika, kwamba labda Baba anagusa maji na yenyewe inasema chai. Nikaitoa kompyuta yako kabatini, ile isiyo na kitufe cha herufi N, nikakaa uani mkekani na Mama anamenya mihogo pembeni yangu. Nikafungua ghala lako, nikaiomba orodha ya lebo. Zikatoka zote, moja chini ya nyingine: nne, ming'oko, redio, baba-kacheka, salfa, safari. Nilizitazama kwa muda. Ilikuwa kama kusoma mwaka mzima wa nyumba yetu, na sikuwepo siku nyingi katika hizo.

Kwanza nilinakili ghala zima mahali pengine, kama ulivyonifundisha, mtu asije akasema nimeharibu kazi ya marehemu. Halafu nikaomba gunia la kwanza. Kompyuta ikanipa, ikanionya kwa Kiingereza chake kwamba sasa niko nje ya kazi inayoendelea, naweza kutazama nitakavyo, ila nikibadilisha kitu na kuondoka bila kukifungulia tawi, yaani njia yake ya pembeni, kitapotea. Nilikumbuka ulivyokuwa ukilieleza onyo lile. "Hapo wewe ni mgeni. Tazama, usihamishe viti."

Basi nikawa mgeni. Niliweka "nne" kwenye simu yangu, nikagusa vitufe vyote, vikasema sawasawa. Nikaweka "ming'oko". Sawa. Nikaweka "redio". Sawa, na chai ilikuwepo, chini kabisa, jirani na maji. Hapo nikasita. Kwenye kishikwambi cha Baba chai iko juu kushoto, pembeni, pale mkono wake mzima unapofika kwanza. Nikasema labda nimekosea.

Nikaweka "baba-kacheka".

Juu kushoto ulikuwa wewe. Umevaa ile kofia ya nailoni ya kupulizia mikorosho salfa, uso mzima vumbi la njano, meno yote nje. Nikagusa bila kufikiri, na simu yangu ilikuwa imewekwa sauti ya mwisho kwa sababu ya kelele za mtaa. Ukasema, "Faraji, njoo." Na nyuma yako kuna msichana anacheka, anacheka kijinga kabisa, na nilichelewa kutambua kwamba ni mimi.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Ulivyojiita mwenyewe chini ya blanketi, nikasema mwendawazimu huyu anajiita, ndipo nikacheka. Na siku ya kwanza Baba alipokigusa, ulitoka mbio uani umeshika jembe, ukasimama mbele ya kitanda kama askari, "Nimefika, mzee," na Baba akacheka. Cheko la upande mmoja wa uso, lakini cheko. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aanguke. Mama alinipigia simu Masasi kunieleza, analia. Kumbe ukaifungia gunia siku ile.

Mama alikuwa ameacha kumenya. Kisu kilikuwa hewani. Na ndani, chumbani, Baba alianza kugonga ubao wa kitanda kwa mkono wake wa kushoto.

Nilikwenda. Alikuwa ananitazama na mkono ameunyoosha, anataka nilichoshika. Nikamwambia, "Ni simu tu, Baba, mtu ananipigia." Alinitazama mpaka nikaangalia chini. Kisha akageukia ukutani, na siku ile hakugusa kitufe hata kimoja. Si maji, si choo. Nyumba ilinyamaza mpaka nikatamani uombe chai.

Nilirudi kwenye kompyuta nikaiomba inionyeshe tofauti kati ya lebo ile na ya mwisho, "safari", uliyoifunga kabla ya kupanda basi. Mabadiliko yaliyokuhusu wewe hayakuwa mengi. Picha yako imefutwa. Sauti ya "Faraji, njoo" imefutwa. Na chai imetolewa chini ilipokuwa, ikapandishwa juu kushoto, mahali pako, ili pasibaki tundu. Kwenye maelezo ya kazi uliandika neno moja: usafi.

Usafi, Faraji.

Nimekukasirikia. Naandika hapa ili ijulikane kwamba nimekukasirikia na bado sijamaliza. Ulijua. Mtu anayekwenda kucheki tumbo na kurudi hajifuti kwenye kishikwambi cha baba yake. Ulijua, ukatudanganya sisi wote na kibegi chako, ukakaa peke yako na kompyuta hii ukajitoa, ukaweka chai. Nadhani ulitaka asije akakuita usiitike. Nadhani ulifikiri akipakuta patupu atauliza, na akikuta kitu kingine atasahau. Wewe uliyenikata jicho kwa ajili ya choo, ukavunja sheria yako mwenyewe kwa jambo kubwa kuliko yote. Baba hakuona kwamba picha imebadilika. Alikuwa anagusa pale pale ulipomfundisha, anamwita mwanawe, na sauti ya mwanawe inamjibu kwa kuomba chai. Kutwa. Miezi. Na sisi tunapuliza moto.

Kuna siku nakuelewa. Nakuona umekaa unachagua kipi kitamuumiza kidogo, na hakuna anayekusaidia, kwa sababu hukumwambia mtu. Ungeniambia mimi. Nisingekuwa na la kukujibu lakini tungekaa wawili.

Mjomba alikuja Ijumaa kama alivyosema. Nilimwonyesha lebo zote mbili, nikamgusisha na kitufe. Aliposikia sauti yako alikaa chini. Kisha akasema, "Sawa, nimeelewa. Akili anayo. Lakini ukimrudishia hilo jina ataita, na akiita itabidi umwambie. Ukimwambia akafa, utakuwa wewe uliyemuua, si mimi." Lile lile lilikuwa linanisumbua na mimi. Daktari alishasema presha yake ya kubembeleza. Tukabishana. Nikasema anakufa kila siku akiita. Akasema anayeita ana matumaini. Nikasema matumaini gani hayo ya kuletewa kikombe. Sauti zilipanda, nikawa namjibu mjomba wangu vibaya, jambo ambalo wewe usingelifanya.

Mama alisimama mlangoni na kile kifundo chake kimefungwa kitambaa. Hakutuangalia. Alisema, "Mpeni mwanawe. Mimi nimechoka kupika chai."

Basi. Mjomba akavaa viatu, akaondoka bila kishikwambi.

Nilifungua tawi kwenye "baba-kacheka" ili nisipoteze kitu, nikarudisha picha yako juu kushoto na sauti yako pamoja na kicheko changu. Chai nikaishusha chini jirani na maji, kwao. Vitufe ulivyoongeza baadaye, cha redio iliyoboreshwa na cha mto wa mgongo, nikavihamishia na vyenyewe. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Nilikosea mara kadhaa kwa sababu ya ile herufi N, lakini nilikuwa na haraka pia, nisiisingizie kompyuta.

Asubuhi yake nilimwekea Baba kishikwambi mapajani kama kawaida. Mkono ukaenda juu kushoto bila hata kutazama. "Faraji, njoo."

Baba aliusikia ule mwito, akatulia. Akainua macho, akatazama mlango. Akagusa tena, "Faraji, njoo," akatazama mlango. Sikuweza kuvumilia mara ya tatu. Nilikaa sakafuni nikaushika ule mkono wake wa kulia, usiohisi, kwa sababu wa kushoto niliuogopa. Nikasema, "Baba, Faraji hawezi kuja. Alifariki kule Dar. Tumemzika Mtawanya, kwa Mjomba. Tulikuficha. Utusamehe."

Alimtazama Mama, na Mama akaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nahesabu pumzi zake. Kisha kidole kikarudi kwenye kioo. "Faraji, njoo." Halafu kikashuka, kikatafuta, kikagusa picha ya mkeka. "Nataka kuswali."

Nikasema saa hizi si wakati wa swala, Baba, adhuhuri bado. Akanishika kifundo cha mkono, akanibana, na ana nguvu bado. Akagusa tena, taratibu, kama anayemsomesha mtoto. "Faraji, njoo." "Nataka kuswali."

Mama ndiye aliyeelewa. Alisema, "Anataka kumswalia mwanawe. Hatukumpa nafasi."

Nilimpigia simu Mjomba. Nilimweleza anachotaka Baba. Akasema, "Msimlete, nakuja mwenyewe." Alikuja na bajaji, akamtawadhisha Baba kwa mikono yake, vidole vya miguu kimoja kimoja, akamvisha kanzu, akambeba kifuani. Tulikwenda Mtawanya mchana kweupe. Mimi na Mama tulibaki barabarani, nikakusalimu nikiwa pale, maana siku ya mazishi sikupata hata hilo. Baba akakalishwa kwenye kiti cha plastiki mbele ya kaburi lako, Mjomba akasimama mbele, na vijana wawili wa pale mtaani waliokuwa wakipita wakajiunga nyuma. Kwenye kila takbira Baba aliinua mkono mmoja. Mwingine ulilala mapajani.

Walipomaliza nilidhani tutaondoka. Baba akaashiria apewe kishikwambi. Akagusa "Hapana." Jogoo akawika. Akagusa tena, "Hapana," na jogoo akawika tena, pale makaburini, saa nane ya mchana. Vijana wale walitazamana. Mjomba alijifunika uso na kofia yake. Baba aliendelea kugusa, na wewe uliendelea kusema hapana, kwa niaba yake au kwa niaba yako mwenyewe, sijui, mpaka akachoka. Kisha akagusa nyumba. "Nataka kwenda nyumbani." Tukamrudisha.

Presha ilipanda, sitakuficha. Siku mbili tulikuwa roho juu, Mjomba akilala hapa barazani. Ikashuka. Sijui kama itapanda tena, na ikipanda najua nitakachojiuliza. Na sidhani kama nimetengeneza kila kitu. Kuna wakati Baba anakuita bado, ingawa anajua, na anatazama mlango. Zamani mimi nilikuwa nakimbilia jiko. Sasa nakwenda nakaa karibu naye. Kile kishikwambi nacho kinapata moto sana, ufa umefika katikati ya kioo, naogopa siku kitakapozimika. Ghala lako nimeliweka mahali patatu. Naligusa kila siku kama mtu anayepapasa mfuko kuona ufunguo upo.

Lebo ya kazi hii mpya nilichelewa kuiweka. Nilijaribu majina, yote yakawa ya msiba, nikayafuta. Nikasema nitasubiri kitokee kitu cha nyumbani, kama ulivyokuwa ukifanya.

Leo asubuhi Mama alikuwa anafagia na mimi nafua. Kidole cha Baba hakikwenda juu kushoto. Kilishuka, kikapita kwenye maji, kikarudi. Ukasema, "Nataka chai." Mama akasimama na fagio mkononi, akanitazama, nami nikamtazama. Kisha akaenda akaweka sufuria jikoni.

Baba ameinywa yote, Kaka. Yamebaki majani tu chini ya kikombe. Nimefuta mikono povu, nikaenda kufunga gunia.

Mdogo wako,
yule anayecheka nyuma yako.